Mchungwa si mpapai: tunayoyaamini kuhusu miti ya uani Mwanza

Ukipita Buhongwa, Nyegezi au Igoma utaona nyumba nyingi zina mti wa jamii ya mchungwa uani: mndimu karibu na jiko, maana sato wa kukaanga bila ndimu ni kazi iliyoishia njiani, au mchungwa ulionunuliwa ukiwa mche barabarani. Na karibu kila mti una kesi. Ukizisikiliza kesi hizo unagundua kwamba mchungwa unahukumiwa kwa sheria za mpapai, mwembe na mgomba.

Kesi kubwa ni hii: “Mti wangu hauzai, ni dume.” Mpapai dume upo kweli. Mchungwa dume haupo, wala mlimau dume, kwa sababu maua ya mti mmoja kwa kawaida huwa na sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Kibaya zaidi ni tiba yake, ya kupigilia misumari kwenye shina au kulichanja kwa panga ili mti “uogope”. Tusidanganyane, mti uliojeruhiwa wakati mwingine huchanua, kwa kuwa chakula kilichotengenezwa na majani kinazuiwa kushuka mizizini. Lakini jeraha hilo hilo ni mlango wa vimelea vya udongoni vinavyoozesha shina. Ukiona gundi inachuruzika kwenye gome karibu na ardhi, vimeshaingia.

Sababu za kutozaa mara nyingi ni mbili tu. Ya kwanza ni umri. Mchungwa uliooteshwa kwa mbegu unaweza kukaa miaka 6 hadi 10 ukiotesha miiba na majani, wakati mche wa kubebesha (uliounganishwa kutoka miti miwili) huanza kuonyesha matunda mwaka wa 3 hivi. Ya pili ni maji, na hapa ndipo wenye bomba uani hubisha. Katika nchi za joto, mchungwa uliokomaa huchanua ukishaonja ukame kisha ukapata maji. Kwetu kiangazi cha Juni hadi Agosti hufanya kazi hiyo, na mvua za vuli zikianza maua hutoka. Ukiumwagilia kila siku mwaka mzima kama mgomba, unaendelea kutoa majani tu. (Mche mchanga ni habari nyingine: huo mpe ndoo moja, mara moja au mbili kwa wiki, kiangazi chote.)

“Tuko kando ya ziwa, maji si tatizo.” Yanaweza kuwa ndiyo tatizo lenyewe. Mizizi ya mchungwa inahitaji hewa, na kwenye udongo mweusi wa mbuga maji hutuama. Milimani nako udongo ni mwembamba juu ya mwamba, na shimo lililochimbwa kati ya mawe hugeuka beseni mvua za masika zikikolea. Chimba, mwaga maji, subiri. Yakiwa bado yamo kesho yake, tafuta sehemu nyingine au panda juu ya tuta. Majani ya njano kwenye mti uliolowa namna hiyo hayaombi maji zaidi.

“Mchungwa umegeuka mlimau.” Haukugeuka. Mche wa kubebesha ni miti miwili: juu chungwa tamu, chini mara nyingi mlimau mkali wenye mizizi shupavu. Chipukizi likitoka chini ya kovu la maungio hukua kwa nguvu, mwenye nyumba akalifurahia, na baada ya muda likaufunika mti wenyewe. Ling’oe likiwa bado laini. Kovu hilo lisifukiwe na udongo wala samadi.

Na chungwa la kijani? Wengi wanalingoja ligeuke rangi, au wanalichuma na kulivundika kama ndizi. Ngozi hupoteza ukijani usiku ukipoa kufikia nyuzi 13 hivi kwa muda mrefu, na usiku wa Mwanza ni wa kupoa hivyo kwa nadra. Kulivundika hakuongezi utamu, kwa kuwa chungwa haliendelei kuiva likishachumwa. Kipimo ni kuonja moja kutoka mtini.

Matunda machanga yakipukutika watu humtafuta aliyeyanyooshea kidole. Mti huu hutoa maua mengi mno kuliko unavyoweza kulea. Hata usinyooshewe chochote, katika kila maua 100, yanayofika kuwa tunda hayazidi matano.

Sisimizi wanaopanda shina hawali mti. Wanafuata maji matamu ya vidukari na wadudu gamba, na juu ya maji hayo huota masizi meusi kwenye majani. Ukipuliza sumu kwa sisimizi peke yao, vidukari wanabaki. Paka maji ya sabuni upande wa chini wa jani, ndiko wanakojificha.

Asiye na uwanja, kama wapangaji wengi wa Mabatini, anaweza kulea mndimu kwenye pipa la lita 60, mradi alitoboe chini.