Je, wajua kompyuta inavyolitambua faili la programu bila kutazama jina lake?

Jijini Lubumbashi, nchini Kongo, programu nyingi hufika kwenye kompyuta kwa flashi. Mega za intaneti ni ghali, na faili la kusakinisha programu laweza kuwa na gigabaiti kadhaa. Kwa hiyo mtu mmoja hulipakua, kisha faili hilo husafiri kutoka Kenya hadi Katuba, ambazo ni komini (sehemu) za jiji hilo, kutoka kwa mwanafunzi hadi kwa fundi, likipita katika mashine ambazo hakuna azijuaye zote. Linapokufikia, jina lake halithibitishi lolote, kwa sababu yeyote aliyelishika aliweza kulibadilisha. Tarehe yake nayo hubadilishwa kwa urahisi uleule. Je, utajuaje kwamba ni lilelile lililotolewa na watengenezaji?

Jibu limo katika hesabu iitwayo hashi. Kompyuta hulisoma faili zima tangu baiti ya kwanza hadi ya mwisho, huzichanganya baiti hizo kwa hatua nyingi zilizopangwa, na mwishowe hutoa namba yenye urefu uleule daima, faili liwe la mstari mmoja au la filamu nzima. Kwa SHA-256, mojawapo ya kanuni za kukokotoa hashi, namba hiyo ina biti 256 (yaani sifuri na moja 256), nayo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Faili tupu lolote, liitwe vyovyote, liwe Lubumbashi au Tokyo, lina hashi inayoanza na e3b0c442 na kuishia na 7852b855. Ukitia humo herufi moja tu, namba yote hugeuka. Idadi ya namba zinazowezekana ina tarakimu 78, na ndiyo maana hakuna anayehofia kwamba mafaili mawili tofauti yatapata hashi moja kwa bahati tu.

Kwa msingi huo, NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, hutunza maktaba ya programu iitwayo NSRL huko Gaithersburg, Maryland. Wahusika hukusanya nakala asilia za programu, huyatoa mafaili yaliyomo, na kuandika hashi za kila moja pamoja na jina la programu, toleo na mtengenezaji. Orodha hiyo hutolewa bure kwa umma. Programu zenyewe hazigawiwi. Mpelelezi anayechunguza diski ya kompyuta hukuta mafaili mengi mno, ambayo sehemu yake kubwa ni ya Windows na ya programu za kawaida. Akilinganisha hashi zake na orodha, huyaweka kando yanayojulikana bila kulifungua hata moja, akabaki na barua, picha na hesabu za mwenye mashine, pamoja na programu zisizojulikana.

Hapa pana jambo ambalo, kwa maoni yangu, kila fundi anapaswa kulishika: faili linalojulikana si lazima liwe salama. Orodha ya NSRL ina hata zana zinazoweza kutumiwa na wavamizi, maana kazi yake ni kutambua tu. Vilevile, programu aliyoiandika mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi kwa ajili ya duka la mjomba wake haitaonekana humo, na hilo haliifanyi kuwa mbaya.

Kanuni za hashi nazo hazilingani kwa nguvu. MD5, iliyobuniwa na Ronald Rivest na kutangazwa mwaka 1992, ilivunjwa mwaka 2004, Xiaoyun Wang na wenzake walipoonyesha data mbili tofauti zenye hashi moja. Mwaka 2012 iligunduliwa kwamba virusi vya Flame vilitumia udhaifu huo kughushi cheti cha kidijitali, yaani kithibitisho cha mtengenezaji wa programu, kilichoonekana kuwa cha Microsoft. SHA-1 nayo ilifuata mwaka 2017, watafiti wa CWI, taasisi ya utafiti ya Amsterdam, na wa Google walipotoa mafaili mawili ya PDF yenye hashi moja. MD5 bado hugundua nakala iliyoharibika kwenye flashi, lakini haimzuii mtu mwenye nia mbaya.

Faida kwetu ni kwamba ukaguzi huu hauli mega. Faili la gigabaiti nne unaweza kulipata kwa jirani. Kinachohitajika kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji ni zile herufi 64 tu. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, kisha jina la faili na neno SHA256. Kwenye Linux tumia sha256sum. Namba zikitofautiana hata kwa herufi moja, usisakinishe: ama nakala ilikatika njiani, ama ni ya toleo jingine, ama imechezewa.

Namba ya kulinganisha isitoke kwenye flashi ileile, kwani aliyelibadilisha faili angeweza kuibadilisha na namba. Hata tovuti huvamiwa: Februari 2016, wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo endeshi wa kompyuta, na kuwaelekeza wapakuaji kwenye nakala yenye mlango wa siri, yaani njia ya kuingia kwenye kompyuta bila mwenyewe kujua. Kwa sababu hiyo baadhi ya watengenezaji huitia orodha ya hashi zao sahihi ya kidijitali, yaani alama inayothibitisha ni nani aliyeitoa, ambayo mvamizi wa tovuti hawezi kuighushi asipokuwa na ufunguo wao wa siri.