Kulazwa hospitali ya jeshi si lazima kuwe kwa risasi

Wengi huamini kwamba askari aliyelazwa ng'ambo wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa amejeruhiwa. Majeruhi walikuwa wengi kweli, lakini huko Burma malaria na kuhara damu vililaza askari wengi zaidi. Mgonjwa wa malaria alimeza mepakrini, vidonge vilivyoigeuza ngozi kuwa ya manjano. Mwenye jeraha lenye usaha alidungwa penisilini kila baada ya saa 3, hata usiku, kwa sababu dawa hiyo hutoka haraka kwa mkojo.

Ukipata kumbukumbu za utumishi za babu, usiishie kwenye tarehe ya kulazwa. Soma sababu iliyoandikwa. Katika karatasi za Kiingereza, herufi GSW ni jeraha la risasi, ingawa makarani waliziandika pia kwa vipande vya kombora.