Je, Wajua? Wafini Huingia Sauna Hata Jua Likiwaka

Mwambie mtu wa Mombasa kwamba kuna watu ambao siku ya nyuzi 28 hujifungia katika chumba chenye nyuzi 80, atakuuliza wamelogwa na nani. Lakini Ufini, nchi yenye watu kama milioni 5.5 na sauna (vyumba vya kuoga joto) zipatazo milioni 3, ni jambo la kila wiki. Mwishoni mwa Juni, katika Juhannus, sikukuu ya katikati ya majira ya joto, sauna za kando ya ziwa huwashwa moto, na watu hutoka humo uchi wakakimbilia majini.

Mbona hawaivi? Hewa ya sauna ni kavu, kwa hiyo jasho hukauka upesi na kuondoka na joto la mwili. Vaa mkufu wa chuma ndani humo uone utakavyokuunguza; ubao uliokalia hauchomi hivyo, kwa sababu mbao hupitisha joto polepole. Kisha mtu humwaga kata ya maji juu ya mawe ya jiko. Mvuke wake, ambao Wafini huuita löyly, hugusa ngozi, hugeuka maji na kukuachia joto lake. Aliyewahi kujifukiza chini ya blanketi anaijua dakika ile chungu kinapofunuliwa.

Wakati wa baridi, ukitoka nje theluji inakupoza. Majira ya joto hali ni nyingine: umeingia mwili ukiwa tayari na joto, pengine umetoka jasho tangu asubuhi, na ukitoka unakutana na hewa ya vuguvugu. Ndiyo maana mzunguko mmoja wa dakika kumi ndani unatosha, maji ya kunywa yawe karibu, na kukaa kivulini kati ya mzunguko na mzunguko si uvivu. Mishipa ya damu imetanuka, presha imeshuka. Ukinyanyuka ghafla, kizunguzungu. Kichwa kikianza kuuma au kichefuchefu kikija, toka. Mjini Heinola kulikuwa na mashindano ya dunia ya kuvumilia sauna, nyuzi 110. Mwaka 2010 mshindani mmoja alifariki, na hayakufanyika tena.

Maji baridi nayo yana hila zake. Ngozi yenye joto ikikutana na maji ya chini ya nyuzi 15, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, moyo hudunda mbio na presha hupanda. Pumzi hiyo ikikukuta kichwa kiko majini, umevuta maji. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha amuulize daktari wake kwanza, na aliyekunywa pombe abaki nchi kavu. Mimi ningemnyima hata ufunguo wa sauna. Tena ukitoka majini unatetemeka, usidhani mwili wote umepoa. Mishipa ya ngozi imejifunga, na joto la ndani bado limo.

Wenyeji hushuka kwa ngazi ya gati, hawajirushi. Mwezi Julai uso wa ziwa huwa wa vuguvugu, jua limeupasha, lakini chini yake maji huweza kuwa ya baridi zaidi. Miguu ndiyo hugundua kwanza.