Sheli ya SQL ni kitu gani?

Ukiuliza sheli Wete au Chake Chake utaelekezwa kwenye kituo cha mafuta. Sheli ya kompyuta ni programu inayopokea amri uliyoiandika kwa maneno, ikaitekeleza, ikakuonesha jibu, kisha ikakungoja uandike nyengine. Haina vitufe vya kubonyeza. Sheli ya SQL ni ya aina hiyo, ila kazi yake ni moja: kukufikisha kwenye hifadhidata, yaani ghala la data zilizopangwa.

SQL yenyewe ni lugha ya kuulizia. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza data zikae katika majedwali, na mwenye kuuliza aseme anachokitaka tu, njia ya kukipata aiachie mashine. Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaitungia fikra hiyo lugha, wakaitangaza mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL.

Tuchukue shamba la mikarafuu hapa Pemba. Wachumaji hulipwa kwa pishi, na kila jioni karani huandika jina, tarehe na kipimo. Daftari lile ukilitia katika jedwali tuliite mchumo, lenye safu za mchumaji, tarehe na pishi, ndani ya faili shamba.db. Pishi moja ni vibaba vinne, basi pishi tatu na vibaba viwili utaandika 3.5. Kisha fungua terminali, dirisha la kuandikia amri za kompyuta, uandike:

sqlite3 shamba.db

SQLite, programu ya hifadhidata aliyoianzisha Richard Hipp mwaka 2000, naipendekeza kwa anayeanza kwa sababu hifadhidata nzima ni faili moja, haihitaji seva (programu ya pembeni ya kuihudumia) wala intaneti. Itatokea alama sqlite> ikikungoja. Sasa uliza:

SELECT mchumaji, SUM(pishi) FROM mchumo WHERE tarehe >= '2024-09-01' GROUP BY mchumaji;

SELECT inataja unachotaka kukiona, FROM inataja jedwali, WHERE inachuja, GROUP BY inamkusanyia kila mchumaji pishi zake mahali pamoja, na SUM inazijumlisha. Kazi ya kukaa na kalamu usiku kucha inakwisha kabla hujainua kidole. Na swali hilo ukilihifadhi katika faili malipo.sql, kila siku ya malipo utaandika sqlite3 shamba.db < malipo.sql, basi.

Wanaoanza wengi hukwama kwenye nukta-mkato (;) ya mwisho. Ukiisahau, ukabonyeza Enter, hakuna jibu: utaona ...> tu, ukadhani mashine imeganda. Haikuganda. Inaamini hujamaliza kusema, kwa sababu swali la SQL linaweza kuchukua mistari kumi. Andika ; peke yake, ubonyeze Enter tena, na jibu litakuja.

Jambo la pili ndilo ninalotaka lieleweke khasa. Ndani ya sheli unazungumza na wawili: bawabu aliye mlangoni na karani aliye ndani na madaftari. Bawabu ni sheli, karani ni hifadhidata. SELECT ni maneno ya karani, naye huyaelewa kwa namna ileile, karibu neno kwa neno, katika SQLite au mifumo mengine ya hifadhidata kama PostgreSQL na MySQL. Lakini .tables ya kuorodhesha majedwali, .schema mchumo ya kuonesha jedwali lilivyoundwa, .mode column ya kupanga jibu lisomeke, na .quit ya kutokea, hizo ni amri za bawabu wa SQLite. Huanza kwa nukta na hazitaki nukta-mkato. Bawabu wa PostgreSQL, anayeitwa psql, ana maneno yake: \dt kuorodhesha, \q kutoka. Ukihama mfumo mmoja kwenda mwengine, kwa sehemu kubwa unajifunza bawabu mpya tu.

Karani huyu hutii bila kukuuliza mara mbili. Ukiandika UPDATE mchumo SET pishi = 4; bila ya WHERE, kila mstari wa jedwali utakuwa pishi nne, na jasho la mtu aliyeshinda juu ya mkarafuu limefutika. Kabla ya kurekebisha chochote andika BEGIN; kwanza. Ukiona umekosea, ROLLBACK; inarudisha yote kama yalivyokuwa, ukiridhika, COMMIT; inayathibitisha. Na anayetaka kusoma tu, afungue hivi:

sqlite3 -readonly shamba.db

Hapo maswali yake yote yatajibiwa, na UPDATE yoyote itakataliwa.