Kwa nini ramani ya simu hupotea ukishaingia eapoti?

Dereva wa teksi anakutoa Kariakoo kwa kufuata ramani ya simu, na inamfikisha hadi mlangoni Terminal 3, Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Ingia ndani sasa. Kile kidoti cha bluu kinaanza kuyumba: mara uko maegesho, mara uko kwenye njia ya kurukia ndege. Simu yako ni nzima.

Tatizo ni paa. Setilaiti za GPS, ambazo simu huzitegemea kujua ulipo, ziko juu kilomita 20,000 hivi, na mawimbi yake hufika chini yakiwa dhaifu mno. Zege na vyuma vinayazuia, mengine yanagonga kuta na kuipotosha simu. Tena GPS ni dhaifu katika kutofautisha ghorofa, na eapoti mtu akikosea ghorofa amekosea safari: wanaowasili huku, wanaoondoka kule.

Ndiyo maana viwanja vikubwa hutengeneza ramani zake za ndani. Gatwick, London, mwaka 2017 walifunga vifaa vidogo vya Bluetooth kama 2,000, vya betri. Simu inapima ni vipi viko karibu, inakadiria ulipo kwa kukosea mita 3 hivi. Simu zenye kipimo cha mgandamizo wa hewa huweza hata kuhisi umepanda ghorofa.

Kwa Terminal 3 yetu, iliyofunguliwa 2019, mimi naona kuuliza mhudumu kunatosha. Faida inaonekana ukiunganisha ndege ugenini. Chukua Dubai, upande unaotumiwa na shirika la ndege la Emirates: mageti ya A yako kwenye jengo la peke yake, na ukishukia kwenye mageti ya B unapanda treni kwenda huko. Bora ulijue hilo kabla hujaagiza chai. Na ukiwa na mama yako kwenye kiti cha magurudumu, njia fupi yenye ngazi haikusaidii kitu. Ramani nzuri inakupitisha kwenye lifti. Chumba cha sala na choo navyo unavitafuta humohumo, bila kuhangaika na lugha ya watu.

Ramani ya eapoti unakokwenda ifungue ungali Dar, bando lako likiwa bado linafanya kazi, upige picha za skrini za kurasa unazozihitaji. Namba ya geti lakini isome kwenye ubao ukifika, maana hubadilishwa hata dakika za mwisho.