Zilipendwa maana yake nini hasa?

Neno lenyewe ukilichambua linasema zamani zilipendwa, yaani mapenzi yalishaisha. Sasa nenda Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa wale mafundi cherehani wazee, subiri redio ipige Mbaraka Mwinshehe, mtu kafariki 1979 huyo, uone mzee anavyoacha kukanyaga cherehani, suruali ya mteja imening'inia nusu, na kijana wake hagusi redio maana anajua hapo ni ugomvi. Hiyo imeshapendwa ikaisha? Jina tu limekosewa wakati.

Wengi tukisema zilipendwa tunamaanisha dansi la kina Msondo na Sikinde, magitaa na tarumbeta. Mi naona zilipendwa inahesabiwa kwa umri uliokuwa nao wewe wimbo ulipokukuta, na kwa wengi ni kuanzia kama miaka 12 mpaka 20 na kitu. Kwa hiyo kila mtu ana zilipendwa zake, hata huyu dogo wa bodaboda anayetucheka leo, kesho zamu yake.

Kuna Mmarekani anaitwa Seth Stephens-Davidowitz, 2018 aliandika kwenye New York Times baada ya kuchambua data za Spotify, akakuta nyimbo zinazowashika sana wanaume ni zile zilizotoka wakiwa na miaka kama 14, wanawake kama 13. Data za kwao huko, ila we jipime tu.

Kwa nini umri huo? Kwanza ubongo wa balehe unapokea raha kwa nguvu kuliko wa mtu mzima. Mziki unaokugusa unaufanya ubongo uachie dopamini, kemikali ile ile ya msosi mtamu, na watafiti wa Montreal 2011 walikuta inaanza kumwagika hata kabla sehemu tamu ya wimbo haijafika, ukiwa unaisubiria tu. Afu huo umri kila kitu ndo mara ya kwanza, kulala bweni, kupenda, kupigwa kibuti, na mziki unapita humo humo unanasa. Ndo maana ukimwambia mzee akusimulie maisha yake atachota mengi ya kati ya miaka 10 na 30, yaliyofuata anayaruka kama mtu anayepita mashimo.

Hapa Mbeya si tunaye Sugu, Joseph Mbilinyi. Watoto waliokuwa wanakariri rap zake miaka ya tisini, kufika 2010 walishakuwa watu wazima wenye kadi ya kura, na Mbeya Mjini ikampeleka bungeni. Sisemi kura zililetwa na mziki, siasa ina mambo yake, ila kumtambulisha kwa hao ilikuwa kazi bure, walishamjua toka wamevaa kaptula.

Mimi yangu ni 2002, nina miaka 14, Makambako, baridi la Juni lile la kuota jiko la mkaa mpaka magoti yanababuka. Nilikuwa navizia wimbo wangu wa Bongo Fleva redioni, kanda tupu sina hela ya kununua, nikachukua ya kwaya ya mama, nikaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodi, wimbo ulipoanza nikabonyeza. Nilikula fimbo za kutosha. Ila kanda ikabaki hivyo hivyo, wimbo wangu, mtangazaji anaropoka kidogo mwishoni, afu kwaya inaingia katikati ya neno.

Na cha ajabu ile kwaya nayo siku hizi ni yangu. Hili nalo limeshachunguzwa, Carol Krumhansl wa chuo kikuu cha Cornell na mwenzake 2013 walikuta vijana wa miaka kama 20 wana kumbukumbu zao binafsi kwenye nyimbo za ujana wa wazazi wao, maana ndo walizokua wakizisikia nyumbani. Kwa hiyo mama anaposema nilimharibia kanda, mi najiona nilizibeba zote mbili.

Juzi niliuweka huo wimbo kwenye simu, safi kabisa, hauna hata mkwaruzo. Ulipoisha nikajikuta nimetulia na kikombe cha chai mkononi nasubiri kwaya iingie.