Behçet nchini Uturuki: mguu uliovimba na kikohozi cha damu

Ugonjwa wa Behçet, unaosababisha uvimbe wa mishipa ya damu, kwa kawaida huanzia mdomoni. Karibu wagonjwa wote wa Uturuki wana vidonda vya mviringo mdomoni, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, vinavyopona kwa wiki moja au mbili kisha vikarudi. Vigezo vya kimataifa vya 1990 vinataka viwe vimerudi angalau mara 3 ndani ya miezi 12, pamoja na dalili 2 kati ya hizi: vidonda vya sehemu za siri, macho kuvimba ndani, vipele au vinundu vya ngozi, na ngozi kuvimba ikichomwa sindano. Kwa mwanamume, tafuta kovu kwenye mfuko wa korodani. Kidonda kikishapona mgonjwa hukisahau, ila kovu hubaki.

Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Istanbul, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937, na Uturuki bado ina wagonjwa wengi kuliko nchi nyingine kwa kulinganisha na idadi ya watu: utafiti mmoja wa Istanbul ulikuta takriban 420 katika kila watu 100,000.

Kipimo cha sindano kina umuhimu zaidi huko, kwa sababu Ulaya ya kaskazini mara nyingi hakioneshi kitu. Choma mkono wa mbele sehemu kadhaa kwa sindano namba 20, kisha soma baada ya saa 48. Kipele cha milimita 2 au zaidi, chenye usaha au bila, ndicho jibu chanya. Ngozi ikisuguliwa sana kwa dawa ya kuua vijidudu, jibu hudhoofika. Sindano kali za kutumia mara moja nazo huchokoza ngozi kidogo kuliko zile butu za zamani. Kwa hiyo jibu hasi halithibitishi kwamba mtu hana ugonjwa.

Wanaoumia zaidi ni vijana wa kiume. Macho yao huharibika upesi, na wakati mwingine usaha hujikusanya chini, mbele ya mboni. Azathioprini, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, ya miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku husaidia kulinda uoni.

Ila ninalohofia zaidi ni hili: kijana mwenye mguu uliovimba kwa damu iliyoganda anaanza kukohoa damu. Daktari hudhani bonge la damu limeng'oka mguuni na kufika mapafuni, akampa dawa ya kuzuia damu kuganda. Katika Behçet, ukuta wa mshipa ndio unaougua, na bonge huushikilia kwa nguvu, hivyo kung'oka ni nadra. Damu ya kikohozi huenda inatoka kwenye mshipa wa pafu uliotuna, unaokaribia kupasuka. Dawa ile inaweza kumuua. Piga kwanza picha ya CT ya kifua yenye dawa ya kuonesha mishipa. Mshipa ukionekana umetuna, anza mara moja dozi kubwa ya steroidi pamoja na siklofosfamidi, dawa kali ya kukandamiza kinga ya mwili.